Gari la Sadaka

Nchini Marekani, kununua gari ni kazi ya alasiri moja. Unakalishwa kitini, unapewa kahawa mbovu, unatia sahihi kila unapoonyeshwa kidole, unaondoka na deni. Shughuli pevu ni kulitoa gari bure.

Letu lilikuwa la watu 7, haibridi ya kuchomeka, lenye milango ya pembeni inayoteleza kwa umeme. Usiku tulilichomeka kwenye soketi ya gereji, hapa Columbus, Ohio, na asubuhi lilikwenda kilomita 50 hivi kabla injini ya petroli haijaingilia kati. Majira ya baridi injini iliamka mara tu ukiwasha hita, kwa hiyo Januari umeme ulibaki kuwa nadharia. Watoto walipoanza kuona haya kushushwa mbele ya wenzao kutoka gari lenye makombo ya kachiri ya tangu wako chekechea, na muuza magari alipotutajia bei ya matusi, tukaona bora tulitoe kwa shirika la hisani. Wao hulipiga mnada, pesa zikaenda kwenye kazi zao.

Nikampigia Mama, Mombasa, nikidhani atafurahi.

“Lina maradhi gani?” akauliza.

“Halina maradhi, Mama. Limezeeka.”

“Hata mimi nimezeeka. Na mimi utanitoa?”

Nikamweleza kwamba siwezi kumpelekea: usukani uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida, isitoshe, hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8. Mama alizisikiliza sheria zote mbili kwa heshima, kisha akasema usukani huhamishwa, yuko fundi Majengo. Nilipokataa, akataka kujua: “Sasa wewe wapata nini?”

Ohio anayetoa gari lake lazima atie sahihi kwenye hati ya umiliki mbele ya mthibitishaji wa sahihi. Wetu alikuwa mzee mpole mwenye muhuri mzito. Alipofika penye bei akakuta sifuri, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sifuri ilikuwa palepale. “Mnapata nini?” akauliza. Lilikuwa swali la Mama, ila kwa Kiingereza.

Jibu nililijua, maana kila tangazo la redio linaimba punguzo la kodi. Mhasibu wetu alilizika jibu hilo kwa dakika tano. Tangu 2005, kwa kawaida huhesabiwi thamani unayoikadiria wewe sebuleni, bali kile hasa shirika lilichopata likiliuza gari. Na hata hicho hakikufai kitu mpaka uorodheshe sadaka na matumizi yako mengine yanayokubalika, jumla ipite kiwango ambacho serikali humpunguzia kila mtu bila kumuuliza. Kwa mke na mume wanaojaza pamoja, kiwango cha 2024 kilikuwa dola 29,200. “Mko mbali,” akasema, kwa sauti ya daktari.

Basi ikabaki sadaka tupu, ambayo nadhani ndiyo sadaka yenyewe.

Gari la kuvuta lilipokuja, letu lilikataa kuondoka. Betri kubwa, ile ya kuendeshea, ilikuwa imejaa pomoni. Lakini gari la aina hii lina pia betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, na hiyo ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta. Lilikuwa limekaa wiki kadhaa bila kuchomekwa, na ile ndogo ilikuwa imekufa. Rimoti kimya, milango kimya, gia imejifunga kwenye maegesho. Mume wangu akachomoa kile kifunguo cha chuma kilichofichwa ndani ya rimoti, akafungua mlango wa dereva kwa fahari ya mtu aliyesoma kijitabu. Alipoinua boneti, dereva wa gari la kuvuta akarudi nyuma hatua mbili. “Nyaya za rangi ya chungwa sigusi,” akasema. Ana haki, hizo ndizo zenye umeme wa kuua.

Majirani wakakusanyika, kila mmoja mhandisi. Hatimaye dereva akaleta kisanduku chake cha kuamshia betri, taa zikawaka, na ule mlango wa pembeni tuliokuwa tukiuvuta watu watatu ukajifungua taratibu, kama mhudumu wa hoteli ya kitalii. Zikamwagika barabarani mbegu za ubuyu, soksi moja, na kijiko changu kizuri nilichomsingizia dada wa mume wangu.

Baadaye ikaja fomu 1098-C yenye bei ya mnada. Ilikuwa zaidi ya ile ya muuza magari, nikaibandika jikoni. Kilichosahaulika ni kebo ya kuchajia, ilibaki imening’inia gereji. Nilipowapigia shirika, gari lilishapata mwenyewe na kebo hawakuitaka.

“Nileteeni mimi,” akasema Mama.

“Mama, hii ni ya volti 120. Huko ukiichomeka—”

“Nani kakwambia nitaichomeka? Ina urefu gani?”

“Mita 6 hivi.”

“Yatosha kuanikia kanga.”