Wakili wa Makampuni Afika Kasulu

Mwanafunzi wa sheria anayejiuliza, akiwa Dar es Salaam, kama awe wakili wa mashauri, yaani yule anayesimama mahakamani kutetea haki ya mteja, au wakili wa makampuni, yaani yule anayeandika mikataba na kuhudhuria vikao vya bodi ili watu wasifikishane mahakamani, ana anasa ya kuwa na swali, kwa kuwa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, humjibu kabla hajauliza. Tangu BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ihamishie usajili kwenye intaneti, kampuni huweza kuzaliwa katika kibanda cha stesheneri, baina ya mashine ya fotokopi na picha za pasipoti, mikononi mwa kijana asiyedai ada ya uwakili wala kuvaa tai.

Basi msomi anayefika huko (ndivyo mawakili waitanavyo, hata wanapotukanana) hugeukia mashauri, akakuta kwamba mgogoro wa mpaka wa shamba la maharage huanzia Baraza la Kata, ambako Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inamkataza wakili kumwakilisha mtu, na ambako wajumbe, waliobakiziwa kazi ya usuluhishi tu tangu 2021, hupima mpaka kwa hatua za miguu na kwa kumbukumbu ya nani alipanda mgomba upi. Suti yake hubaki nje, mwenye suti akiomba kimoyomoyo usuluhishi ushindikane, ili shauri lipande Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ataruhusiwa kuongea.