Dola Mbili na Dola Tatu ni Ishirini na Tatu
Brendan Eich aliiandika lugha ya JavaScript mwezi Mei 1995, kwa siku 10. Huku kwetu Bogoro hata ukuta wa udongo hupewa muda mrefu kuliko huo ili ukauke.

Bogoro ipo kilomita 25 hivi kutoka Bunia, kwenye barabara ya Kasenyi. Samaki wa Ziwa Albert wakielekea mjini hupita mlangoni kwa shangazi yangu, muuza samaki, naye hujitahidi baadhi yao wasifike. Mdogo wangu, anayesomea informatiki Bunia, akaamua kumtengenezea ukurasa wa kupigia hesabu za bei. Intaneti haihitajiki: faili linafunguka ndani ya kompyuta, mradi betri ina chaji.

Ukurasa ukafunguka, ukakaa kimya. Kijana alikuwa ameandika skripti yake ya JavaScript ndani ya Word ya Kifaransa, nayo Word, kwa adabu zake za Paris, ikageuza kila alama ya nukuu iliyonyooka ikawa «namna hii». JavaScript haina habari na adabu hizo. Alama moja tu ilitosha kuifanya isuse skripti nzima.

Alama zikanyooshwa. Kimya tena! Safari hii skripti ilikuwa imekaa juu, kichwani mwa ukurasa, na kivinjari husoma kuanzia juu kwenda chini. Skripti ilipokiita kitufe cha kupigia hesabu, kitufe kilikuwa hakijazaliwa. Ikahamishiwa chini kabisa, na kitufe kikaitika.

Shangazi akaingiza dola 2 za tilapia na dola 3 za kapiteni, mteja akiwa amesimama. Jibu likatoka: 23.

"Yaya," mdogo wangu akaninong'oneza, "jana ilikuwa inafanya vizuri."

"Hii mashini ilisomea wapi?" shangazi akauliza. Mteja alikwisha rudisha kapiteni siniani.

Kumbe kinachoandikwa kwenye kisanduku cha bei huhesabiwa kuwa maandishi, na alama ya kujumlisha ikikuta maandishi huyaunganisha tu: 2 halafu 3. Alama ya kutoa haina ujinga huo. Yenyewe huyageuza kuwa namba kwanza. Na jana yake kijana alikuwa amejaribu chenji tu, yaani kutoa. Dawa ni kuzungushia kila bei neno Number na mabano, kazi ya dakika moja, baada ya kupoteza mteja.

Sasa ukurasa unajumlisha sawasawa. Shangazi anautumia kila siku, ila hupiga hesabu kichwani kwanza, na wakitofautiana, anayesahihishwa ni ukurasa.