Nani kakwambia makumbusho ni ya watalii?

Tumezoea kudhani makumbusho yamewekewa watu wawili: mtalii mwenye kamera na mwanafunzi aliyekodiwa basi la shule. Sisi wengine tunapita nje tukiharakia shughuli. Haya, leo tunahesabu kutoka saba kushuka hadi moja, na kila namba ni sababu ya mwenyeji kuingia.

7. Konda amechoka kukuita. Kila uchao, Dar es Salaam, watu wanashuka kituo cha Makumbusho, wananunua maji ya kunywa na kudandia gari jingine. Jirani hapo Kijitonyama, tangu 1966, kuna Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za makabila mbalimbali, za ukubwa wa kuishi watu. Ingia na watani zako. Mhaya atausimamia msonge kama ana hati ya kiwanja. Mchaga atauliza pango ni shilingi ngapi kwa mwezi. Wabishane tu! Kwenye siku za utamaduni, jamii husika huja yenyewe, ikapika, ikacheza ngoma zake na kujieleza kwa kinywa chake. Hakuna maelezo ya ukutani yanayomfikia bibi anayekuonyesha kwa mkono wake jinsi unga unavyosagwa.

6. Ahmed. Ndovu wa Marsabit, mwenye pembe karibu ziburure chini. Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya urais. Kuna mawaziri hawajawahi kulindwa hivyo. Alikufa 1974, na sanamu yake ya kimo kamili iko Makumbusho ya Nairobi. Mpeleke mtoto, kisha ujiandae kwa maswali hadi usiku.

5. Siwa. Kabla ya spika za arusini palikuwa na siwa, baragumu la sherehe, na siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu iliyochongwa nakshi, iko Makumbusho ya Lamu. Jirani anayelalamikia kelele za harusi yako mpeleke akaione, ajue zina ukoo.

4. Kipepeo analipa karo. Gede, karibu na Malindi, watu wengi huyajua magofu tu. Lakini palepale, tangu 1993, upo mradi wa Kipepeo. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi. Wakishajifunga ndani ya magamba yao, husafirishwa ng'ambo kwenye bustani za vipepeo. Msitu usipokuwapo, kipepeo hayupo, na karo haipo. Mlinzi mwenye bunduki atautunza msitu mchana. Mama mwenye watoto watatu shuleni atautunza mchana na usiku.

3. Mjusi wa Lindi anaishi Berlin. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru. Wachimbaji walikuwa wenyeji, msimamizi wao stadi akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mjusi huyo amesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Yeye alisafiri bila pasipoti; mjukuu wa mpagazi aliyembeba anatakiwa kuomba viza ili akamsalimu. Kila Bunge letu linapozungumzia kurudishwa kwake, mimi natega sikio.

2. Babu hauzwi. Kigango si pambo. Ni mti uliochongwa na kusimikwa na Wamijikenda kwa ajili ya mzee aliyefariki, nacho huachwa hapo kioze kwa wakati wake. Vingi viling'olewa usiku, vikauzwa, vikaishia sebuleni mwa matajiri na kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kuachia 30. Huko ndiko kuheshimu umma hasa: kuelewa kwamba kuna kitu ambacho mahali pake pazuri kabisa si kwenye kabati la vioo. Ukitaka kujua thamani ya kigango, usimuulize dalali. Waulize waliotaabika kwa ndoto tangu mzee wao aondolewe.

1. Songea. Hapa utani naupunguza. Makumbusho ya Majimaji yamejengwa palipo na kaburi la pamoja la mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka watu hukusanyika kuwakumbuka. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, naye alinyongwa, na ukoo wake unadai kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Wamekidai kwa miaka mingi bila kuchoka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja palepale, akakutana nao, akaomba msamaha. Hakuuombea kwenye ukumbi wa hoteli: alikuja kwenye makumbusho, mbele ya wajukuu, na wajukuu wakasema yao. Wanakitaka kichwa. Wana haki, na makumbusho yanayowapa jukwaa la kudai yamefanya kazi yake barabara.

Ukienda, usiende peke yako. Mchukue yule mjomba anayeujua ukoo mzima, ambaye misibani hakuna wa kumnyamazisha. Pale watamletea kiti.