Benki ya Dampo

Waumini wa bitikoini wana wimbo mmoja: benki ya nini, kuwa benki mwenyewe! Haya, mtazame James Howells wa Newport, kule Wales. Mwaka 2013 diski yake yenye funguo za bitikoini zipatazo 8,000 iliishia kwenye dampo la mji. Sarafu zenyewe hazikwenda popote. Zimo kwenye daftari ambalo dunia nzima inalisoma. Kilichozikwa ni faili, tena dogo, ambalo lingeenea kwenye flashi ya bei ya chipsi mayai na nafasi ikabaki ya taarabu za harusi nzima. Nakala? Aa, hayo ni mambo ya makarani wa benki, wale waliopitwa na wakati.

Basi mwenzetu akatumia miaka akiiomba halmashauri imruhusu kufukua taka, nayo ikashikilia kwamba kibali cha mazingira hakiruhusu. Akaenda mahakamani, Januari 2025 jaji akaitupilia mbali kesi. Fedha isiyotambua serikali yoyote, kumbe inasubiri ruhusa ya bwana afya! Ila tuseme haki, ulinzi wa benki hii ya dampo ni madhubuti, na makato ya mwezi hakuna.