Mwanasheria Mhamaji: Jaribio la Uainishaji

Watafiti waliotutangulia wamemgawa mwanasheria anayebadili kazi kwa vigezo viwili, na vyote vina kasoro. Mapokeo ya kwanza, ambayo makao yake makuu ni vikao vya harusi, humpanga kwa kipato: akinunua gari amehama vizuri, asiponunua amepotea. Mapokeo ya pili ni ya akina mama wazazi, nayo hayatambui uhamaji wowote. Kijana aliyehitimu sheria, na ambaye kwa miaka kumi sasa anauza vigae Kariakoo, bado hutambulishwa kanisani kama "mwanasheria wetu", na anayethubutu kusahihisha hutazamwa kama shahidi wa upande wa pili.

Sisi tunapendekeza kigezo cha tatu: woga. Tunadai kwamba chuo hakimfundishi mtu sheria kama kinavyomfundisha kuogopa kwa mpangilio. Mtu wa kawaida akionyeshwa kiwanja kinachouzwa, anaona kiwanja. Mwanasheria anaona mke wa pili wa muuzaji, ndugu walioko Mwanza ambao hawajaulizwa, na hati iliyolala benki kwa sababu ya mkopo. Huo ndio mtaji anaoondoka nao siku anapofunga ofisi. Kinachobaki kuchunguzwa ni soko analoupeleka.

Zamani suala hili lisingezuka. Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, kilikuwa na wanafunzi 14, na nchi nzima ilikuwa ikiwasubiri mlangoni. Leo mlango wenyewe umekuwa habari ya gazeti: mwaka 2022 taifa lilibishana wiki nzima juu ya matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, anakopitia mhitimu kabla ya kuwa wakili, ambako kati ya wanafunzi 633, waliofaulu kwa mkupuo mmoja walikuwa 26, hata ikaundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Ubishi ulihusu namna ya kuingia. Kutoka hakukuundiwa kamati.

Vielelezo vya kale hata hivyo vipo, na vilipita hapa hapa pwani. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa mwanasheria wa Kimaliki kutoka Tangier, Ibn Battuta. Mogadishu alikuta desturi kwamba mwanachuoni mgeni hashukii kwa mtu kabla ya kumwona sultani. Usomi wake ukampatia malazi, chakula na tambuu bila kuulizwa uzoefu wa miaka mitatu. Baadaye, huko Delhi, alipewa ukadhi. Alimweleza mwajiri waziwazi kwamba madhehebu ya nchi ile si yake na lugha yao haijui. Akaajiriwa, tena akapewa wasaidizi wawili. Usaili wa aina hiyo haujaripotiwa tena.

Kielelezo cha pili kina afya duni. Mohandas Gandhi, wakili aliyefuzu London, alisimama kumhoji shahidi katika mahakama ndogo ya Bombay, maswali yakamkauka mdomoni, akaketi na kumwachia kesi mwingine. Akaomba kufundisha Kiingereza kwa rupia 75 kwa mwezi. Shule ikamkataa kwa kuwa hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1893 akapanda meli kwenda Afrika Kusini, akipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar, kwa mkataba wa mwaka mmoja na kampuni ya wafanyabiashara. Aliondoka kule moja kwa moja mwaka 1914. Wanaolalamika kwamba soko limeharibika siku hizi waanzie hapo.

Katika spishi hai, iliyo nyingi kuliko zote ni Msailiwa. Makazi yake ni Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali. Utamjua kwa namna anavyolifungua faili la majina ya walioitwa kwenye usaili: kwanza huandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, halafu hulitafuta kwa jina la baba, halafu huanza upya mstari kwa mstari, maana huenda waliokuwa wanachapa walikosea herufi. Tangazo la Ofisa Sheria Daraja la II linamtaka awe na shahada, mafunzo ya Shule ya Sheria na umri usiozidi miaka 45. Linamtaka pia alete nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili.

Hapa tunaripoti tabia ambayo haijapata kuandikwa. Wakili anayeomba kazi hawezi kujithibitishia vyeti vyake mwenyewe, kwa hiyo huvuka barabara hadi kwa wakili mwenzake, ambaye naye ana bahasha ya vyeti juu ya meza. Hugongeana mihuri. Hakuna anayemlipa mwenziwe. Kisha wote wawili hukata tiketi za basi moja la Dodoma kwenye usaili, na njiani huulizana kwa upole sana kama mwenzangu umesoma Sheria ya Utumishi wa Umma.

Kosa la Msailiwa si uchache wa sifa. Wasifu wake una kurasa sita: madai, jinai, ardhi, ndoa, kazi, mirathi, pamoja na semina zote za TLS, chama cha mawakili, alizopewa cheti na chai. Haandiki popote kwamba mwaka jana alimzuia mteja asinunue nyumba ya Tabata iliyokuwa na wamiliki watatu. Na hilo ndilo jambo pekee katika maisha yake ya kazi ambalo mwajiri asiye wakili angelielewa papo hapo, na kulilipia.

Mzingatiaji amelielewa hilo. Huyu yuko benki au kampuni ya simu, akihakikisha sheria zinazingatiwa, na hulipwa kila mwisho wa mwezi kwa kusema "tusubiri kwanza". Bunge humfanyia kazi bila kujua: Sheria ya Kudhibiti Fedha Haramu ya mwaka 2006 ilimpa meza, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikampa msaidizi. Wenzake wa mahakamani humwonea huruma kwa kuwa havai joho. Yeye huwaonea huruma kwa kuwa hawana bima ya afya.

Mkulima wa WhatsApp ni kinyume chake. Woga anao tele, ila umeangalia upande usio wake. Alisoma kwenye kundi kwamba ekari moja ya matikiti inarudisha mamilioni kwa siku 90, akakodi ekari tano Mkuranga na kumpelekea mzee mwenye shamba mkataba wa kurasa 14. Mzee aliusikiliza wote ukisomwa kwa sauti, akaomba maji, akaweka dole gumba. Mkataba ule una kifungu cha vita, cha mafuriko na cha mgomo wa wafanyakazi, ingawa wafanyakazi ni wawili na mmoja ni shemeji yake. Hauna kifungu cha inzi wa matunda.

Wapo pia wa Muhuri wa Mkobani, wanaouza bima mchana na kuhuisha leseni ya uwakili kila mwaka, kwa maelezo kwamba huwezi kujua. Hawa ni wengi na hawana la ajabu. Wanasiasa, wahubiri na washauri wa ndoa wa TikTok tumewaacha kabisa: hawakuhama, walipanua mahakama.

Kinachoisumbua nadharia yetu ni kishoka. Yeye amehamia kwenye sheria kutoka kusikojulikana, bila shahada, bila Shule ya Sheria, bila jina kwenye orodha ya mawakili. Mteja angeweza kumhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili kwa dakika mbili, lakini hamhakiki, kwa kuwa suti imenyooka na bei ni nusu. Hajawahi kutafuta kazi. Kazi humfuata chini ya mwembe karibu na geti la mahakama. Woga hana hata chembe, na kwa kigezo chetu hawezi kuainishwa. Tulimweleza hivyo. Akatusikiliza kwa makini, akauliza kama uainishaji huo ungehitaji kugongwa muhuri, na kwa nakala ngapi.