Jinsi ya Kumlaumu Mkeo kwa Mabinti Watupu

Bwana, binti wa nne ameshazaliwa. Mama yako amenuna, na kijiweni wanauliza ukoo utarithiwa na nani. Usihangaike. Lawama ina mwenyewe, na mwenyewe bado hajatoka wodi ya wazazi.

Kwanza kifiche kitabu cha baiolojia cha binti yako mkubwa. Mle mna ukurasa wa kichochezi unaosema kila yai la mwanamke hubeba kromosomu X, basi, halina nyingine. Mbegu ya mwanamume ndiyo huja ama na X ama na Y: ikitangulia ya X, msichana; ikitangulia ya Y, mvulana. Yaani mkeo kapika ulicholeta toka sokoni. Ukurasa huo ukimfikia mama mkwe wako, umekwisha.

Ukibanwa, taja mtaalamu. Mwaka 1694 Mholanzi Nicolaas Hartsoeker alichora mbegu ya kiume yenye kijitu kizima kimejikunyata ndani ya kichwa chake. Huyo ndiye mtu wako: kwa mchoro ule, mtoto wote ni wa baba, na mama ni wa kumtunza tu. Mjerumani Oscar Hertwig usimtaje kabisa. Yeye miaka ya 1870 alichungulia mayai ya viumbe wa baharini kwa hadubini, akaona kiini cha mbegu na kiini cha yai vikiungana.

Kisha jisifu. Sema mbegu zako ni madume, hazikosei njia. Nyamaza kwamba mshindo mmoja hutoa mamilioni kwa mamilioni, na zinazofika jirani na yai ni mamia tu. Nyingi huuawa na tindikali ukeni, nyingine hukwama kwenye ute wa mlango wa kizazi, na nyingine huingia mrija ambao mwezi huo hauna yai. Hata hao mashujaa wachache husaidiwa kupanda na misuli ya kizazi cha mkeo, tena hawawezi kulipenya yai mpaka wakae saa kadhaa mwilini mwake wakaive. Moja ikishaingia, yai hufunga mlango. Mchango wako pale ni kromosomu 23. Chakula na nguvu za siku za mwanzo vyote vya yai.

Na jirani yako ambaye hana mtoto kabisa? Mwongozo wake mfupi: ampeleke mke hospitali, kwa mganga na kwenye maombi, yeye abaki nje akivuta sigara, jinzi imembana, kompyuta mpakato mapajani. Korodani zilitundikwa nje ya tumbo ili zipate ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, lakini hayo asiyajali. Akiulizwa, ajibu kwamba nguvu anazo. Anazo kweli, ila nguvu za kitandani hazihesabu mbegu, na karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, mume naye ana sehemu yake katika tatizo.

Mwongozo huu ukikushinda, wewe au jirani, ipo njia ya maabara: kupima mbegu. Kaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, uende asubuhi. Kikopo utapewa hapo hapo.