Amla Mbele, Petroli Nyuma

Mafuta ya nywele ya Kihindi huanzia jikoni. Huko Kerala, mafuta ya nazi hubandikwa motoni, hutiwa tunda la amla lililokaushwa, majani ya mmea wa bhringraj na punje za uwatu, kisha huachwa yachemke polepole hadi maji yaishe na mapovu yatulie. Hapo huchujwa kwa kitambaa safi. Amla husifiwa kwa wingi wa vitamini C. Sifa hiyo ni ya kweli, ila vitamini hiyo huyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta, hivyo kinachofika kichwani zaidi ni jina lake. Nazi, inayochukuliwa kuwa mchukuzi tu, ndiyo hasa mchapakazi: mafuta yake hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Wakati wa kuyaosha mafuta hayo, shikakai, ganda la mmea lenye povu la asili, husafisha vizuri, mradi isiingie machoni.

Nywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi, zipakwe zisipakwe. Chupa ya dukani haijapata habari hiyo. Mbele ina mrembo mwenye nywele za kufika kiunoni. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na wenye macho ya mwewe, kiungo cha kwanza katika chupa nyingi za bei nafuu ni mafuta yatokanayo na petroli. Mitishamba hufuata kwa mbali, ikigombania nafasi na rangi ya kijani na manukato. Kuhusu nywele alizorithi yule mrembo kwa mama yake, chupa iko kimya.